Hula Katika Maktaba ya Mtaa Wetu



Tangu kijarida hiki kitangaze, katika toleo la mwezi uliopita, kwamba jamii yetu imealikwa tena kushiriki katika tamasha la mataifa la mji huu, simu zetu hazijapata kupumzika. Wazazi wamegawanyika. Wapo wanaotaka watoto wetu wapande jukwaani kama walivyofanya mwaka jana, na wapo wasemao heri tukae majumbani mwetu kuliko kugeuzwa kitu cha kutazamwa na watu wanaokula bisi na kupiga picha. Sisi hatuna mamlaka ya kukata shauri hilo, wala hatuyatamani. Tunachoomba ni nafasi ya kuwasimulia habari za kikundi kimoja cha ngoma ambacho si cha kwetu, tulichokitazama jioni moja ya majira ya kuchipua, kwani tangu jioni ile fikira zetu juu ya jambo hili zimeshika njia nyingine.

Kikundi hicho hucheza ngoma za Polinesia, yaani za visiwa vya Bahari ya Pasifiki vilivyotapakaa kutoka Hawaii upande wa kaskazini hadi New Zealand kusini-magharibi na Rapa Nui mashariki. Hapa katika jimbo la Washington (tunasema jimbo lililo pwani ya magharibi ya Marekani, wala si mji mkuu, maana barua zetu hupotea kwa sababu ya jina hilo) watu wa visiwa hivyo ni majirani zetu wa siku nyingi. Watoto wao huketi darasa moja na wetu. Mama zao tunapanga nao foleni katika duka la vyakula vya Kiasia tukigombania magimbi mazuri, wao wakienda kuyaponda na sisi kuyatia nazi. Hata hivyo, kwa miaka yote hiyo, tulichokijua juu ya ngoma zao ni kile kilichochorwa kwenye vikombe na mashati ya watalii.

Kikundi hakina jumba lake. Hufanya mazoezi katika ukumbi wa kukodi na hucheza popote kinapoitwa: shuleni, katika nyumba za kutunzia wazee, arusini na hata mazikoni. Siku tuliyokwenda kilikuwa kimealikwa na maktaba ya mtaa wetu, bila kiingilio. Viti vya kukunja vilipangwa safu kumi, na nje mvua ya huku, ile isiyonyesha sawasawa wala isiyokatika, ilikuwa ikiendelea na kazi yake. Tulikuwa saba: baba na mama, watoto wanne, na Bibi, mzaliwa wa Tanga, ambaye kwa miaka kumi na mmoja aliyokaa nasi katika baridi hii amekataa katakata kuvaa soksi.

Tulitarajia kuona sketi za manyasi. Hazikuwapo. (Baadaye tulisoma kwamba sketi hizo si za Hawaii kwa asili. Zililetwa na vibarua kutoka visiwa vya Gilbert, ambavyo leo ni sehemu ya nchi ya Kiribati, katika karne ya 19. Wahawaii wenyewe walikuwa wakivaa nguo za magome ya miti yaliyopondwa, au za majani mabichi.) Wacheza ngoma kumi na wanne, wanawake kwa wanaume, walisimama nje ya mlango wa ukumbi, vitambaa vizito vimefungwa viunoni, makoja ya majani shingoni, na hawakuingia. Walianza kughani wakiwa huko huko nje, kwa sauti moja ndefu isiyosindikizwa na ala yoyote. Mwalimu wao, mama wa makamo aliyeketi sakafuni ndani, aliwasikiliza hadi mwisho, akanyamaza kitambo, kisha akawajibu kwa kughani vilevile. Ndipo wakaingia.

Bibi alituegemea akauliza wanasema nini. Tukamwambia kwamba, kwa mujibu wa karatasi tuliyopewa mlangoni, wanaomba ruhusa ya kuingia.

"Kumbe wanapiga hodi," akasema Bibi, na kwa muda mrefu baada ya hapo hakuhitaji mkalimani.

Mwalimu wa hula huitwa kumu, na chuo chake huitwa halau. Neno chuo tunalitumia kwa maana ile ya pwani: mahali ambapo mwanafunzi huketi chini mbele ya mwalimu kwa miaka, akipokea elimu kwa sikio na kuirudisha kwa mdomo. Mbele ya kumu huyu palikuwa na ipu heke, yaani vibuyu viwili vikubwa vilivyounganishwa kimoja juu ya kingine, alivyovipiga kwa kiganja na kuvigonga chini, na mlio wake ulipenya katika miguu ya viti vyetu. Wacheza wengine walishika manyanga yaliyopambwa manyoya, wengine fimbo za mianzi iliyopasuliwa, na wasichana wawili walikuwa na mawe laini ya mtoni au ya pwani, mawili katika kila mkono, wakiyagonganisha vidoleni kwa wepesi uliowafanya watoto wetu wasogee mbele. Hapakuwa na kanda wala simu iliyounganishwa na spika.

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa kwamba hula ni ngoma ya maneno. Kiini chake ni mele, yaani utenzi. Mikono husema kile kinachosemwa na mdomo: mvua, upepo, kilima, ua, bahari, mpenzi anayekuja kwa kujificha. Miguu na nyonga hushika mwendo tu. Asiyelijua hilo hutazama kiuno. Alijuaye hutazama mikono, na mcheza mwenyewe macho yake huifuata mikono yake. Kumu alitueleza kwamba kwake hakuna mwanafunzi anayeonyeshwa mkono hata mmoja kabla hajausema utenzi mzima kwa moyo na kueleza maana ya kila neno. Tena kuna kawaida ambayo hatukuitambua mpaka alipotuonyesha: kila ubeti unapokaribia kwisha, mmoja wa wacheza huita kwa sauti maneno ya kwanza ya ubeti unaofuata, ili wote, hata mpigaji, wajue waendako. Asiyejua maneno hawezi kuita, na asiyeweza kuita hukwama mbele za watu.

Hula ziko za namna mbili. Ile ya kale, kahiko, huchezwa kwa kughani na kwa vibuyu, au kwa pahu, ngoma ya gogo iliyowambwa ngozi ya papa. Ile ya baadaye, auana, huimbwa kwa gitaa na ukulele. Ukulele nao una asili ya ugenini: ni mtoto wa kigitaa kidogo kilicholetwa na wahamiaji wa Kireno kutoka kisiwa cha Madeira mwaka 1879, na hakuna Mhawaii anayeona haya kulisema. Sisi watu wa taarabu, ambao fidla na kanuni tumezipokea kutoka kwa wengine tukazifanya zetu, hatuna la kushangaa.

Kikundi kilicheza pia ngoma ya Tahiti, na hapa hatuna budi kusema kweli. Ngoma hiyo si hula, ijapokuwa wengi huzichanganya. Huendeshwa na magogo yaliyochongwa mvungu, yanayopigwa kwa fimbo kwa kasi ya kutisha, na viuno vya wachezaji huyafuata magogo hayo bila kuchelewa hata nukta moja. Wanaume wa safu yetu ghafla walianza kukagua kamba za viatu vyao. Bibi hakukagua kitu. Alisema kwa utulivu kwamba kwao hayo walikuwa wakifundishwa wari, na kwamba wale walikuwa wakifundishwa vizuri zaidi.

Lililotugusa kuliko yote ni maelezo ya kumu juu ya utenzi mmoja ambao, kwa kuusikia, ni habari ya mvua inayolinyeshea ua fulani bondeni. Wahawaii wana neno kaona, maana yake ni maana iliyofichwa chini ya maana. Mvua yaweza kuwa mvua, na yaweza kuwa mtu. Ua laweza kuwa ua, na laweza kuwa binti wa mfalme, au mke wa jirani. Mtunzi hakutaja, waliohusika walijua, na waliobaki walisifu uzuri wa bonde. Je, kuna watu duniani wanaopaswa kulielewa jambo hilo upesi kuliko sisi? Mama zetu hununua kanga kwa jina lake kabla hawajaangalia rangi, na wengine wameacha kusalimiana miaka saba kwa sababu ya kanga iliyovaliwa siku isiyofaa.

Tena uko ujamaa wa mbali, ambao tunautaja kwa pembeni tu. Kihawaii ni lugha ya ukoo mmoja na Kimalagasi, kinachosemwa ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari wa Msumbiji. Mbingu kwa Wahawaii ni lani, kwa Wamalagasi ni lanitra. Nazi kwa Wahawaii ni niu, kwa Wamalagasi ni voanio. Wataalamu wengi huamini kwamba hata ngalawa zetu, zenye miti ya pembeni inayozizuia zisipinduke, zina asili katika vyombo vya mabaharia wa ukoo huo waliovuka Bahari ya Hindi zamani. Bibi alipoambiwa hayo alijibu kwamba baba yake alikuwa na ngalawa na hakuwahi kumtaja Mhawaii yeyote.

Lakini ndugu wasomaji, kilichotukosesha usingizi usiku ule si ufanano, bali ni historia.

Wamisionari kutoka Marekani walifika Hawaii mwaka 1820. Miaka kumi baadaye, mwaka 1830, Malkia Ka'ahumanu, aliyekuwa ameipokea dini yao, alipiga marufuku hula za hadharani. Marufuku hiyo haikufuatwa kila mahali, hasa mashambani, lakini sheria ya mwaka 1859 ikaja kudai leseni na ada kwa maonyesho ya hadhara. Mfalme Kalakaua alipotawazwa rasmi mwaka 1883 alirudisha hula katika viwanja vya ikulu yake mjini Honolulu, na wachapaji wa programu ya tenzi za sherehe hiyo wakashitakiwa mahakamani kwa kuchapisha mambo machafu. Kisha mwaka 1893 dada yake, Malkia Lili'uokalani, alipinduliwa na kundi lililoongozwa na wafanyabiashara na walowezi, likisaidiwa na askari wa manowari ya Kimarekani. Mwaka 1896 sheria ikaamuru kwamba lugha ya kufundishia shuleni iwe Kiingereza. Na mwaka 1898 visiwa vikatwaliwa na Marekani. Watoto waliadhibiwa shuleni kwa kusema lugha ya mama zao. Wasomaji wetu wa Kenya, ambao baadhi yao walivishwa kibao shingoni kwa kosa kama hilo, hawahitaji kuelezwa jinsi adhabu hiyo inavyofanya kazi: mtoto huacha kuisema lugha, na akizaa hataki wanawe wapate alichokipata yeye.

Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980, watoto waliokuwa wakizungumza Kihawaii walikuwa wachache mno, na wengi wao waliishi katika kisiwa kimoja kidogo, Niihau.

Na hula je? Haikufa, bali ilipewa kazi nyingine. Tangu mwaka 1937 kampuni ya Kodak ilidhamini onyesho la hula huko Waikiki, mchana kweupe, ili filamu za wakati ule zipate mwanga wa kutosha, na watazamaji waliketishwa jua likiwa mgongoni mwao ili picha zitoke vizuri. Wacheza walijipanga wakiwa wameinua herufi kubwa zilizounda jina la visiwa vyao. Onyesho hilo liliendelea hadi mwaka 2002. Tunaposoma habari hizo tunawaelewa sana wazazi wanaosema kwamba tamasha letu ni kamera tu. Hawakosei. Ngoma yaweza kuchezwa miaka sitini na mitano mbele ya wageni, na maneno yake yakawa yanakufa nyuma ya nyumba.

Lakini si kila nyumba. Mary Kawena Pukui, aliyezaliwa mwaka 1895, alifundishwa tenzi na hula na wazee wake, akatumia maisha yake kuziandika na kuzifasiri, na mwaka 1957 yeye na Samuel Elbert wakatoa kamusi ya Kihawaii ambayo mpaka leo ndiyo tegemeo la kila anayejifunza lugha hiyo. Maiki Aiu Lake, mwalimu wa Honolulu, mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifungua darasa la kuwaandaa walimu wenyewe, si wacheza tu, na wanafunzi wake wakafungua vyuo vyao. Mjini Hilo tamasha lililopewa jina la utani la Mfalme Kalakaua, Merrie Monarch, ambalo lilianza katika miaka ya 1960, liliongeza mashindano ya hula mwaka 1971. Sasa ndiyo mashindano yanayoheshimiwa kuliko yote, na waamuzi husikiliza matamshi kama wanavyotazama mikono. Mwaka 1978 Kihawaii kikaandikwa katika katiba ya jimbo kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka 1984 wazazi na walimu walifungua shule ya kwanza ya watoto wadogo inayofundisha kwa Kihawaii, na mwaka 1987 serikali ikaanza madarasa ya namna hiyo katika shule zake. Waliokuwa watoto wa madarasa yale leo ni wazazi.

Jambo jingine linatuhusu sisi wahamiaji moja kwa moja. Hesabu ya watu ya Marekani ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wahawaii wa asili wanaishi nje ya visiwa vyao, katika majimbo ya bara, hasa kwa sababu ya ughali wa nyumba na maisha kwao. Kwa hiyo halau inayokutana katika ukumbi wa kukodi pembeni mwa barabara kuu, mvua ikinyesha, si tawi dogo la mti uliobaki nyumbani. Wengi wa watu wenyewe wako huku.

Wala kikundi hiki si cha Wahawaii peke yao. Kati ya wale kumi na wanne tulihesabu, kwa kuulizana baadaye kwenye meza ya chai, muuguzi Mfilipino, bwana mstaafu mwenye asili ya Kijapani, Wasamoa watatu, na msichana Mmarekani mweusi anayesoma na binti yetu mkubwa. Huyo ndiye aliyekuwa mmoja wa wale wenye mawe. Wazee wetu fulani wangesema ngoma imeuzwa. Sisi tuliona kwamba kila mmoja wao alitoka nje kupiga hodi kama wenzake.

Mmoja wa majirani zetu, baba kutoka Uvira, alisimama wakati wa maswali akamwuliza kumu kama haimchomi moyo kucheza mbele ya watu kama sisi, tusioelewa hata neno moja. Mama yule alifikiri kidogo. Akasema kwamba wanacheza mbele yetu na wanafurahi tukija, lakini utenzi una mwenyewe: kuna mtu aliyetajwa ndani yake, wakati mwingine amekufa miaka mia mbili, na huyo ndiye anayechezewa. Sisi tumekaribishwa kuangalia.

Tunajua kwamba jibu hilo halikumridhisha baba wa Uvira, kwa maana alilijadili njia nzima ya kurudi. Lakini lilimpata mtu mwingine.

Wasomaji waliohudhuria tamasha la mwaka jana watakumbuka yaliyotokea. Watoto wetu walicheza vizuri, kwa wimbo uliopigwa kutoka kwenye simu, uliochaguliwa kwa mdundo wake. Walipomaliza, mtangazaji alimshika mkono binti wa miaka kumi na mitatu, akamwekea kipaza sauti mdomoni na kumwuliza wimbo ule unasema nini. Alikuwa binti yetu. Alijibu kwa Kiingereza kwamba ni wimbo wa furaha tu. Wimbo wenyewe, kwa anayesikia Kiswahili, ni wa mama anayemsuta shoga yake kwa deni lisilolipwa na kwa mengine tusiyoweza kuyachapa hapa. Watu wazima wa kwetu waliokuwa uwanjani waliangua kicheko, bila ubaya, kama mtu anavyocheka. Binti alielezwa sababu ya kicheko akiwa ndani ya gari. Hakusema neno hadi nyumbani, na tangu siku hiyo akitajiwa ngoma huondoka chumbani. Hata pale maktaba alikuja kwa sababu hakuna aliyebaki wa kukaa naye, akaketi safu nzima ya onyesho amejifunika kofia ya koti.

Baada ya chai tulimwona amesimama na yule mwenzake wa shule. Hatukusikia walichosema. Tuliona tu mwenzake akisema utenzi kwa sauti ya chini, huku mikono yake ikienda, na binti yetu akimkatiza kila baada ya neno, na yule akimjibu.

Garini, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, aliuliza swali la ngoma.

"Bibi, wewe ulipokuwa mdogo ulicheza nini?"

"Lelemama, mjukuu wangu."

Tukastaajabu, kwa kuwa miaka yote hiyo hakuwahi kututajia. Akasimulia jinsi kina mama walivyopangana safu, wamevaa sare, mikono ikienda polepole kama mtu anayepepea mtoto aliyelala. Jinsi vyama vilivyoshindana, kimoja kikitunga cha kukichoma kingine, na chama kilichochomwa kikirudi wiki ya pili na jibu. Jina la mtu halikutajwa. Kila mtu alijua.

"Naomba unifundishe, Bibi."

"Nikufundishe nini mie? Miguu yangu imekwisha kufa kwa baridi ya huku."

"Si miguu, Bibi. Mikono."

Bibi alinyamaza kutoka taa za barabarani za maktaba hadi mlangoni petu. Alipokuwa akishuka akasema: "Basi njoo Jumamosi. Na mje na kalamu."

Tunaandika haya Jumamosi ya tano imekwisha kupita. Watoto waliokuja mara ya kwanza walikuwa wawili; sasa ni tisa, wakiwamo wawili wa familia ya Barawa na mmoja wa yule baba wa Uvira. Hakuna aliyeinua mkono bado. Wanaandika. Bibi amewachagulia wimbo wa arusi wa beti sita, na anataka kila mtoto ausome, auseme, kisha auambie kwa maneno yake mwenyewe kana kwamba anamhadithia mtu. Mtoto wa Uvira analalamika kwamba Kiswahili hicho si cha kwao, na ni kweli. Mama yake huketi naye pembeni akimpa neno la Kivu kwa kila neno la Tanga, na daftari lake sasa lina safu mbili. Hatuna hakika kwamba wote tisa watabaki. Mpira wa miguu wa watoto unaanza mwezi ujao, siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo.

Wamekwama katika ubeti wa nne, penye neno mkadi. Hakuna mtoto aliyewahi kuuona. Bibi alieleza kwamba ni mti wa pwani wenye majani marefu yenye miiba, na ua lake lina harufu ambayo bibi arusi hutiwa nguoni na kwenye nywele. Jumamosi iliyopita yule msichana wa mawe alikuja kutazama, akamweleza kumu wake, naye akatuletea habari kwamba Hawaii kuna mti wa jamaa hiyo, uitwao hala. Majani yake husukiwa mikeka na matunda yake hutungiwa makoja. Watoto walifurahi kupita kiasi. Bibi alifurahi pia, akasema basi neno limeeleweka, twende mbele.

Hapo mgeni wetu, mama mkubwa wa Mombasa, aliyekuwa ameketi kimya na kikombe chake, akacheka.

"Dada, huo mkadi wa wimbo huu si mkadi. Wewe wajua."

"Najua nini? Ni mkadi. Anapambwa bibi arusi."

"Ni mama mkwe huyo. Mwiba uko wapi, na harufu iko wapi?"

Bibi alisema kwamba huko Mombasa wameugeuza wimbo, kwamba mwenye kusemwa ni bwana arusi, tena na mke wa kwanza, na kwamba mambo hayo hayazungumzwi mbele ya watoto. Watoto, kwa kawaida yao, walikuwa kimya kabisa, kalamu mkononi. Binti yetu alikuwa ameandika majibu yote mawili, moja juu ya jingine.

Kikao cha wazazi kuhusu tamasha ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, nyumbani kwa mweka hazina, baada ya chakula cha mchana. Hadi tunapoupeleka ukurasa huu kwenye mashine ya kurudufu, wazee wawili hao bado hawajapatana juu ya ubeti wa nne, na mama mkubwa ameomba apelekewe gari Jumamosi ili aje kuendeleza mabishano.